Kabla ya mashine ya pumzi, nileteeni chupa

Huku Goma, mashariki mwa Kongo, makala si maandishi, ni mkaa. Nawaambia mapema wasomaji wa Dar na Mombasa, maana makala haya yatayataja makala mara kadhaa.

Mimi ni muuguzi kwenye kituo kidogo cha afya upande wa Ndosho. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye, siku hizi yuko Ubelgiji, alinitumia kwa WhatsApp picha ya mtoto akipuliza kwenye kimashine cha kushika mkononi. Chini akaandika: "Dada, hii ingewasaidia na watoto wenu wa kifua." Nimezunguka nayo kichwani siku nne. Sikumjibu kwenye simu, namjibu hapa.

Kimashine hicho hupima oksidi ya nitriki, gesi ambayo kila mmoja wetu anaitoa kwenye pumzi. Watafiti wa Sweden ndio walioionyesha, mwaka 1991. Njia za hewa zikivimba kwa sababu ya mzio, hutengeneza gesi hiyo kwa wingi kuliko kawaida, na mashine husoma ni sehemu ngapi katika kila bilioni ya hewa. Mwongozo wa Marekani wa 2011 unasema kwa mtoto, chini ya 20 ni kidogo, juu ya 35 ni nyingi. Ikiwa nyingi, huenda steroidi ya kuvuta, dawa ya kutuliza uvimbe, itamsaidia. Ikiwa kidogo, huenda kifua kinapiga filimbi kwa sababu nyingine, mara nyingi mafua tu, na kumpa steroidi kila siku kutamfaa kidogo sana.

Swali lenyewe, nani apewe steroidi na nani asipewe, ni zuri, sitalibeza. Watoto wadogo wengi hupiga filimbi kifuani kisha wakaacha wenyewe. Huko Tucson, Marekani, walifuatilia watoto 826 tangu kuzaliwa, na matokeo yakatoka mwaka 1995: karibu nusu walikuwa wamepiga filimbi angalau wakati fulani kabla ya kutimiza miaka sita, na kati ya walioanza kabla ya miaka mitatu, wengi walikuwa wameshaacha walipofika sita. Sasa ukimpa kila mmoja wao steroidi miezi na miezi, dawa inayoweza kupunguza kidogo kasi ya kurefuka, utakuwa umewapa wengi wasioihitaji. Kipimo cha kuwachambua kingekuwa neema.

Ila mtoto wa miaka miwili hapulizi. Analia, anakishika, anataka kukitia mdomoni kama hindi la kuchoma. Kipimo cha kawaida kinadai pumzi ya mwendo mmoja, bila kukatika, kwa sekunde nne au zaidi, na hilo hulipati vizuri kabla ya miaka mitano hivi. Kwa walio chini ya hapo kuna njia ya kumvalisha kinyago, apumue mwenyewe, hewa ikusanywe. Tena jibu linalosaidia kubashiri pumu ni lile lililopimwa zaidi ya wiki nne baada ya mafua. Mtoto wa Ndosho, wa miaka miwili, wiki nne bila mafua? Nionyesheni mmoja. Hata kwa wakubwa, Uingereza walijaribu kwa watoto 509 wa miaka 6 hadi 15, nusu wakatibiwa kwa kuangalia dalili peke yake, nusu kwa dalili pamoja na kipimo hicho. Matokeo ya 2022: mashambulizi ya pumu hayakupungua kwa maana yoyote.

Lakini hata kingefanya kazi vizuri, kinajibu swali la mbali, nani apewe steroidi, wakati sisi tumekwama kwenye la kwanza: hii ni nimonia au si nimonia?

Mwezi wa nne, usiku wa mvua, alikuja mama mmoja anayeuza makala kwa vikopo pale njiani. Mgongoni mtoto wa mwaka mmoja na miezi minane. "Munganga, mutoto analia mu kifua kama paka." Nikasikiliza, kweli paka. Nikamuuliza kama nyumbani kuna mwenye asime, yaani pumu. Akanikata: "Asime ni ya bazee. Huyu ako na nimonia, balishaniambia mara tatu." Mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na mara tatu amepewa amoksisilini, ile antibiotiki, na sindano, na mara tatu akapona baada ya siku nne, tano. Mafua ya kawaida nayo huisha siku nne, tano.

Siwalaumu waliomwambia. PCIME, mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa, imetufundisha kuhesabu: mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi kwa dakika, ni pumzi ya haraka, mdogo wa hapo, kuanzia miezi miwili, ni 50. Pumzi ya haraka, andika nimonia, toa amoksisilini. Chati hiyohiyo, kwenye mstari mwingine, inasema kama kifua kinapiga filimbi mpe kwanza dawa ya kufungua njia za hewa kwa kuvuta, hata mara tatu, dakika 15 hadi 20 katikati, kisha hesabu tena ndipo uamue. Mstari huo tunauruka kwa sababu kabatini hakuna pompi, kile kifaa cha kupulizia dawa hiyo. Kuna sirupu ya salbutamol, dawa hiyohiyo lakini ya kunywa, inayomtetemesha mtoto mikono na kumwendesha moyo mbio huku kifuani ikifika kwa kuchelewa. Pompi ya salbutamol iko kwenye orodha ya OMS (Shirika la Afya Duniani) ya dawa za lazima. Kwenye rafu zetu inakuja na kupotea kama umeme.

Na pompi peke yake kwa mtoto mdogo ni kupuliza dawa kwenye ulimi. Inahitaji chumba, yaani kopo la kukaa kati ya pompi na mdomo, cha kuikusanya dawa ili mtoto aivute taratibu. Cha dukani ni ghali. Ndipo linakuja jambo ambalo ningependa mwenzangu wa Ubelgiji alitume kwa WhatsApp badala ya ile picha: Cape Town, daktari Heather Zar na wenzake walijaribu chupa ya plastiki ya mililita 500. Unatoboa kitako kwa waya wa moto, tundu la umbo la mdomo wa pompi, unaziba pembeni kwa gundi hewa isipite, mtoto anavutia shingoni mwa chupa. Iliyozibwa vizuri ilifungua vifua sawa na kile chumba cha dukani. Waliandika kwenye jarida la Lancet mwaka 1999. Ioshe kwa sabuni ya vyombo, iache ikauke yenyewe bila kufuta, la sivyo dawa inanata kwenye plastiki. Kwa mtoto mdogo kabisa ongeza kinyago. Chupa za maji Goma hatuna uhaba nazo, tunazikanyaga.

Kuna wanaoniambia, basi tuache pumzi, tupime damu, tuhesabu eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, kwa kuwa zikipanda nazo huashiria mzio. Mahali penye minyoo michache, sawa. Hapa minyoo peke yake inazipandisha, na askari hutuma watoto wao kupitia mapafuni wakiwa njiani kwenda tumboni, wakamkohoza mtoto na kumpigisha filimbi. Nasema askari, namaanisha askarisi, wale minyoo warefu wa tumboni. Namba iliyopangiwa mtoto wa Brussels haiwezi kuja kukaa Ndosho bila kuulizwa imetoka wapi.

Na hewa yenyewe. Mtoto huyu analala hatua mbili kutoka kwenye mbabula (jiko la makala), makala yakiwaka ndani kwa sababu nje kunanyesha. Nyiragongo, volkano yetu, nayo inapumua gesi ya salfa juu yetu sote. (Watu huichanganya na mazuku. Mazuku ni kaboni dioksidi inayojikusanya mabondeni; haipigishi filimbi, inaua.) Kumwambia mama asogeze mbabula mlangoni ni ushauri ninaoutoa kila siku, huku nikijua mlango wenyewe ni mmoja na mvua inaingilia hapohapo.

Usiku ule nilikuwa na pompi yangu mwenyewe, maana asime ya wazee ninayo mimi. Nikaivika kwenye chupa, na kinyago cha zamani. Alipofika alihesabika 54. Kifua hakikuwa kinabonyea, alikuwa ananyonya, midomo mizuri. Baada ya mara ya kwanza, 48. Baada ya ya tatu, 37, na paka akanyamaza. Hana homa. Nikamwambia mama hahitaji amoksisilini wala sindano, arudi asubuhi, na arudi usiku huohuo akiona kifua kinabonyea au mtoto anakataa kunyonya.

Akanishukuru sana, akalipa. Kupitia dirishani nikamwona anavuka barabara, anagonga duka la dawa la jirani, anatoka na kichupa cha amoksisilini. Asubuhi alirudi kweli, mtoto anacheka. Akaniambia dawa ya jirani imefanya kazi.