Chuo kikuu kije Newala au kibaki pwani?

Hii hoja vijiweni huku Newala, juu mlimani mkoani Mtwara, haiishi, kwamba vyuo vikuu vya kusini vinaishia pwani tu. Stella Maris iko Mtwara mjini tangu 2009, kampasi ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) inajengwa Ngongo pale Lindi kwa hela za HEET, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, wakati Newala na jirani zetu Tandahimba ndo kwenye korosho zenyewe. Mimi nataka chuo kipande huku juu, ila kwanza tuongee ukweli.

Faida naiona kwenye kalenda. Huku hela inaingia minada ya korosho ikianza Oktoba, ikifika Februari imeshakata, na kuanzia hapo mji unapoa kabisa, mama ntilie anapika kilo mbili za mchele na jioni nyingine anarudi nayo nyumbani. Sasa wanachuo wanafungua kama Novemba wanakaa mpaka Julai, wanapanga vyumba, wanakula, bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu, likitoka wananunua, yaani hata ile miezi mkulima hana kitu. Halafu fildi zao, yaani mafunzo kwa vitendo, zinaangukia wakati tunapuliza salfa, dawa ya mikorosho, kwahiyo wa kilimo wangeuona ugonjwa wa ubwiri unga kwenye ua la mkorosho wenyewe.

Shida ni maji jamani. Ya kwetu yanasukumwa kwa pampu kutoka Mitema, bondeni kule Kitangari, mpaka yapande mlima, na pampu ikigoma tunarudi kwenye madumu. Nyumba nyingi zina kisima cha kukingia mvua, ila Oktoba kinakuwa chini kabisa, ndoo ikishuka unasikia inakwaruza sakafu. Na hapohapo ndo unataka kuleta wanachuo elfu mbili? Dumu litapanda bei, chumba kitapanda, na nesi na mwalimu waliopanga hapa miaka yote watasukumwa pembeni.

Wanaosema mbona Chuo Kikuu Mzumbe kule Morogoro kiko chini ya milima na kimekua, sawa, ila kile kilianza 1953 kama shule ndogo ya serikali za mitaa, kuitwa chuo kikuu ni 2001. Hata sisi tuanze na kozi moja ya korosho, wanafunzi mia, na tenki lao kubwa.

Shangazi yangu anaongeza vyumba viwili vya kupangisha, mafundi wameshachimba kisima, msingi bado.