Mwelekezi wa Nini?

Langoni mwa msitu, juu ya Nanyuki, kijana mmoja alituuliza kama tuna mwelekezi. Nikamwambia, wa nini? Babu yangu alizaliwa huku huku mlimani. Ni kweli, ila mimi nilizaliwa Pumwani, Nairobi, na mti ninaoujua vizuri ni nguzo ya stima. Isitoshe, pesa ya mwelekezi tulikuwa tumeshaila, mbuzi choma na mukimo.

Tulikuwa watatu: mimi, shemeji yangu, na binti yangu wa kidato cha tatu aliyetaka kuona pango walimojificha Mau Mau. Njiani nikamhubiria: hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, Jenerali China akaongoza vita humu Mlima Kenya, Waingereza wakaleta hadi ndege za kumwaga mabomu msituni. Na wapiganaji walikaa mwituni mpaka pua zikawa kali. Askari akioga kwa sabuni wanamnusa kabla hajaonekana. Binti akamgeukia shemeji, aliyejipulizia marashi ya harusini.

"Anko, wewe wangekumaliza pale langoni."

Kibao hakuna hata kimoja. Nikaanza kuilaumu serikali.

"Baba, maficho yawekewe kibao?"

Nikanyamaza, nikachagua kijia. Kilikuwa kipana, kimekanyagwa kikakanyagika, na matawi yamevunjwa mpaka juu ya vichwa vyetu. "Mnaona? Hii ndiyo njia ya watalii." Tukakifuata karibu saa nzima, mpaka tukakuta rundo katikati ya njia, kubwa kama sufuria ya ugali wa shule, limejaa nyuzi nyuzi za majani, linafuka mvuke.

Hakuna aliyeuliza ni la nani. Shemeji, ambaye goti lake huwa haliwezi hata ngazi za kanisa, alitupita sote akiteremka. Mimi niliteleza, nikashika mmea wa kwanza niliouona, kwa mikono miwili. Thabai, yale majani yanayowasha. Sauti niliyotoa, ndovu mwenyewe angeomba radhi.

Simu ilituonyesha kama nukta ya buluu kwenye kijani kitupu, kisha ikazima. Tukakaa juu ya mwamba mpana wenye kuvu, tukamenya mayai ya kuchemsha na kutupa maganda ukingoni, huku nikiwaeleza kwamba pango lenyewe halipo, ni porojo za wauza soda.

Mwamba ukakohoa.

Shemeji akashika rozari. Binti akachungulia. Chini yetu akatokea shosho mmoja, kuni zimefungwa tayari, vipande vya maganda ya mayai vimenasa kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Mnatafuta nini?"

"Pango, shosho."

Alitutazama mmoja mmoja, taratibu, kama anayehesabu mbuzi wa jirani.

"Mmelikalia."

Tukaingia, tukaliona, binti akafurahi. Nikamwomba shosho atutoe msituni. Akakubali bila kutaja bei, akautoa ukanda wa kuni kwenye paji lake, akauweka kwenye langu.

Langoni yule kijana alikuwa bado yupo. "Mzee, kumbe mwelekezi ulipata?"

Sikuweza kuinua kichwa kumjibu. Nilikuwa naona visigino vya shosho tu, akitembea mbele yangu, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.