Karibuni kwenye foleni

Mzee mmoja wa klabu yetu ya ndege, mtu wa miaka 70 na ushei, alinifunulia pasipoti yake kama mtoto anayeonyesha alipong'atwa na nyuki. "Tazama, wamenigongea muhuri!" Ulikuwa muhuri wa Ufaransa. Maisha yake yote amekuwa akivuka na kindege chake kwenda kula samaki Le Touquet, mji wa pwani ya Ufaransa: anaonyesha pasipoti, anapungiwa mkono, basi. Sasa, Uingereza ikiwa imejitoa Umoja wa Ulaya, anagongewa muhuri na kuhesabiwa siku, 90 katika kila 180, sawa na mgeni yeyote.

Nilimpa pole. Moyoni nilikuwa nacheka.

Mimi ni mtu wa Tanga. Naishi Kent, Uingereza, kazi yangu uuguzi, na leseni ya urubani nimeipata kwa kudunduliza zamu za usiku. Ndege yenyewe ni ya injini moja na viti vinne. Tuko wanane tunaoimiliki kwa hisa, kwa hiyo msinifikirie tajiri. Kutoka hapa hadi Le Touquet ni dakika 40 hivi. Mlango wa bahari wa Dover, unaotenganisha Uingereza na Ufaransa, pale palipobana ni kilomita 33 hivi. Rubani Mfaransa Louis Blériot alipouvuka kwa ndege mwaka 1909 alitumia dakika 36 na nusu. Mimi kwenye fomu peke yake hupitisha zaidi ya hapo.

Tangu Aprili 2024, kila anayetoka au kuingia Uingereza na ndege ndogo lazima aijulishe serikali kwa njia ya mtandao, si zaidi ya saa 48 kabla ya kuruka wala si chini ya saa 2. Ukikosea, faini inaweza kufika pauni 10,000. Upande wa Ufaransa nako huwezi kutua popote unapopapenda. Lazima kiwe kiwanja chenye forodha na polisi wa mpaka, na vingine havikupokei bila taarifa ya tangu jana. Juu ya hayo kuna mpango wa safari wa kupeleka kwa waongoza ndege. Hilo sina ugomvi nalo: injini ikizima katikati ya maji, nataka mtu ajue nilipo.

Kinachoniudhi ni saa. Mwaka jana tulikuwa kule, tumeshakula, taarifa ya kurudi imetumwa kwa saa nane mchana. Saa saba na nusu wingu likashuka juu ya bahari, rangi ya majivu ya jikoni. Mwenzangu anatazama simu, anatazama mbingu, anatazama simu tena. Ukichelewa uanze kurekebisha fomu, na kiwanja cha nyumbani kinafunga jioni. Tulisubiri, tukarekebisha, tukafika. Lakini niliona jinsi karatasi inavyoweza kumsukuma rubani aingie kwenye wingu ambalo macho yake yanamkataza, na mpaka wa namna hiyo mimi nauita wa hatari.

Nyumbani je? Mama yangu ana ndugu Lungalunga, upande wa Kenya, na utoto wangu wote tulikuwa tunapita mpaka wa Horohoro kwenda misiba na harusi. Siku hizi maofisa wa Tanzania na Kenya wanakaa jengo moja, unatoka dirisha hili unaingia lile. Pasipoti huna, unakatiwa hati ya muda. Umesahau kadi ya homa ya manjano, hapo ndipo shikamoo inapofanya kazi, na wakati mwingine shikamoo peke yake haitoshi, mnanielewa. Siusifii mpaka wetu. Ila ule una mtu ndani yake, unaweza kumweleza kwamba mazishi ni saa kumi. Fomu ya mtandaoni haina msiba. Haina hongo pia, na hilo nalishukuru.

Tena sisi, kwa kusuasua kwetu, tunapunguza. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanatembeleana kwa kitambulisho tu tangu 2014. Huku Uingereza imejitoa Umoja wa Ulaya, na Ujerumani Septemba 2024 ikarudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Ukuta walioubomoa kwa miaka mingi wanaurudisha tofali kwa tofali, kisha wanashangaa vumbi.

Ndiyo maana huruma yangu kwa wenzangu wa klabu ni nusu. Tanzania haitaki uraia pacha, nami uraia wa Tanga siuachi, kwa hiyo kwangu ile sahani ya samaki siku zote imeanza na viza: miadi, taarifa za benki, barua ya mwajiri, kusafiri mpaka London kupeleka pasipoti. Miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza kwa nini mara nyingine nabaki kufuta kioo cha ndege wenzangu wakivuka. Sasa kila Jumamosi chumba cha chai ni malalamiko ya mpaka, na mtaalamu wanayemtafuta ni mimi. "Hii wanahesabuje siku?" "Na risiti ya hoteli nayo?"

Juzi mzee amenipigia simu ana wasiwasi. Ameambiwa mfumo mpya wa Ulaya ulioanza Oktoba 2025 utamchukua picha ya uso na alama za vidole vinne.

"Na wewe walikuchukua vinne?"

"Mimi wana vyote kumi, mzee. Tangu viza ya kwanza."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama vinarudishwa.