"Nirekebishie kidogo tu"

Kama unafanya kazi ya kudizaini hii sentensi lazima umeshaisikia. Mteja anakutumia picha kaitengeneza na AI halafu anakwambia kila kitu kipo, nirekebishie kidogo tu. Unafungua faili, leya hata moja hakuna (zile tabaka za kuhariri kila kitu peke yake), yani picha yote imegandana, maandishi ukiyavuta karibu sio herufi za lugha yoyote, nembo nusu imezama kwenye bega la mtu. Hapo unachora upya toka mwanzo ila hela utakayolipwa ni ya marekebisho. Mwezi uliopita ilinikuta hiyo, nikakesha nayo siku mbili.

Sasa watu wanabishana AI itachukua kazi za wasanii au haitachukua, mi naona swali lenyewe limekaa vibaya. Kazi mbona ipo, tena ileile, imepewa tu jina dogo ili bei nayo ishuke. Waandishi wa filamu wa Marekani hili waliliona mapema, 2023 waligoma siku 148 na kati ya vitu walivyovipata ni kwamba maandishi ya AI hayahesabiki kama andiko la msingi, maana yangehesabika basi mwandishi angeonekana kaja kurekebisha tu, na kurekebisha kunalipa kidogo kuliko kuandika. Hao walikuwa na chama bwana, sie wa kutumiana kazi kwenye WhatsApp tutagomea wapi?

Na huyo mteja hajui kitu kimoja. 2022 kuna jamaa alishinda shindano la sanaa kule Colorado, Marekani, na picha ya Midjourney, programu ya AI ya kutengeneza picha, akasema alirudia maelekezo zaidi ya mara 600, lakini alipoenda kuisajili ofisi ya hakimiliki ya kule ikamgomea kwa sababu hakukubali kuzitenga sehemu zilizotengenezwa na mashine. Kwa hiyo hicho "kila kitu kipo" chake, kwa sheria za kule, mtu mwingine anaweza akakibeba na mteja asiwe na pa kushtaki.

Mi AI natumia, sijifichi, kufuta bakgraundi ya picha nilikuwa namaliza nusu saa saivi ni sekunde. Ila picha ya AI ya mteja naipokea kama maelezo ya anachotaka, bei ni ya kazi mpya. Wengine wakisikia hivyo wanapotea. Yule wa mwezi uliopita karudi juzi, safari hii kaleta nembo, eti "hii sasa ndo ndogo kabisa."