Pango Nimelipa, Risiti Ninayo

Mimi ni mtu wa Nakuru. Kwetu nyumba hulipiwa kodi, au renti ukitaka kuonekana wa mjini. Pango ni shimo la kwenye mwamba, kama yale ya Menengai ambako watu huenda kufunga na kuomba. Nikahamia Tanga kikazi na Kiswahili hicho hicho, nikapata chumba Makorora kwa mama mmoja mpole sana. Nikalipa miezi mitatu mbele, basi tukaishi kama mtu na mwanawe.

Mwezi wa tatu ukielekea ukingoni, akanikuta nachota maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na pango je, lini?"

Ikumbukwe wiki nzima wenzangu kazini walikuwa wakinisimanga: miezi mitatu Tanga hujafika Mapango ya Amboni! Nikaona kumbe habari zimefika hadi nyumbani.

"Jumamosi mama, Mungu akipenda. Hela nimeshatenga."

"Hayo ndiyo maneno." Jioni akaniletea sahani ya mihogo ya nazi. Nikajisemea, watu wa Tanga wanapenda utalii wa ndani hawa!

Jumamosi nikapanda bodaboda, barabara ya Horohoro, kilomita 8 hivi kutoka mjini. Nikalipa kiingilio, tukazama. Mwongozaji anamulika tochi kwenye mawe ya chokaa: huyu mamba, ule Mlima Kilimanjaro. Mimi niliona mawe. Akatuonyesha panapowekwa sadaka za mizimu, akatusimulia habari za Osale Otango aliyejificha humo miaka ya 1950 akiwakimbia polisi wa mkoloni. Wapo wanaosema pango hilo linatokea Mombasa. Nikaanza kupiga hesabu ya nauli. Kuna mahali tulipita kwa kutambaa, na popo wa huko hawana adabu, shati langu ni shahidi.

Narudi jioni, mama yuko barazani na majirani wawili.

"Enhe, pango?"

"Nimetoka huko sasa hivi mama! Giza tupu, popo wamejaa juu, maji yanadondoka, na kuna pahala mtu mzima unapita kwa tumbo!"

Baraza ikanyamaza. Sasa lazima niseme ukweli: taa ya korido yetu iliungua tangu nihamie, bati linavuja, na darini kuna popo.

"Kama nyumba yangu imekushinda," mama akasema polepole, "lete pango langu uende."

"Pango nimelipa mama! Nimempa yule kijana wa mlangoni, risiti ninayo."

"Kijana gani wa mlangoni?"

Mjukuu wake alikuwa amekaa pale pale mlangoni, anakula embe. Sikuwahi kuona mtoto akikimbia vile. Kandambili moja ikabaki, nyingine ikamfuata hewani. Jirani mmoja akaenda kumwita mjumbe.

Mjumbe akavaa miwani, akaisoma risiti mara mbili. "Mama, huyu amelipa kuingia Amboni."

"Amboni kwenye mapango?"

"Kwenye mapango."

Alivyocheka yule mama, mtandio ulidondoka. Mjumbe akanieleza kama mtoto wa chekechea: kwao unachomlipa mwenye nyumba ni pango, na hata serikali inadai kodi ya pango la ardhi. Tangazo hilo nilikuwa nimeliona, nikadhani ni ushuru wa wenye mapango. Mama akanipa siku tano, akanunua na balbu ya korido. Mtaani naitwa Popo mpaka leo. Mjukuu hanisemeshi.

Hela yenyewe nilikuwa nimepungukiwa. Usiku nikamwandikia dada yangu Nakuru, ambaye mchana nilimtumia picha za Amboni: "Dada, nikopeshe kidogo, nina shida ya pango."

Akajibu papo hapo: "Woi! Kwani bado hujatoka?"