Anayeanza hisa Dar ajifunze kuuza haraka au kukaa akisubiri gawio, sehemu ya faida wanayolipwa wenye hisa?

Jumamosi binamu yangu alinikuta barazani Sinza, simu yake imejaa grafu ya bei za hisa, ile ya mishumaa ya kijani na nyekundu. Amelipia darasa la hisa la mtandaoni, wiki sita, na sasa anajua wapi pa kuweka kikomo cha hasara, yaani bei ambayo hisa ikishukia inauzwa yenyewe, na jinsi ya kuingia sokoni asubuhi akatoka jioni. "Kaka, kwa hapa nyumbani nianze na kampuni ipi?" Nikamuuliza hiyo grafu aliyoishika ni ya nani. Ya Apple, ya Marekani.

Hapo ndipo penye shida. Mbinu aliyofundishwa ni ya soko ambalo mnunuzi hakosekani. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, TOL, ya gesi za viwandani, ikiwa kampuni ya kwanza, na hadi leo kampuni zilizoorodheshwa hazifiki 30, hata ukihesabu za Kenya zilizosajiliwa huku pia, kama KCB na Kenya Airways. Zinazouzika kila siku ni chache, benki za CRDB na NMB zikiwa mbele. Nyingine siku nzima inapita hakuna hata hisa moja iliyouzwa.

Mimi nilijifunza hili kwa machungu. Januari moja nilitaka ada ya mtoto, nikaweka oda ya kuuza hisa za kampuni fulani, jina nitalihifadhi. Bei ubaoni ilikuwa tamu. Siku ya tatu kimya. Kila nikifungua simu naikuta oda ileile, imelala. Siku ya tisa akatokea wa kuchukua nusu yake, tena kwa bei ya chini, nami nikakubali kwa sababu shule haisubiri. Kikomo cha hasara kingenisaidia nini? Bei inaweza kuandikwa ubaoni na mnunuzi asiwepo. Halafu kuna ada za dalali anayekununulia na kukuuzia, za soko na za mamlaka inayolisimamia: kwa mtu wa mtaji mdogo ni kama asilimia 2 ukinunua na kama hiyo tena ukiuza. Bei inabidi ipande takriban asilimia 4 ndipo urudishe ulichotoa. Anayeingia na kutoka kila wiki anamtajirisha dalali wake.

Ila nisimwonee kijana. Darasa hilo limemfundisha asiguse pesa ya kodi ya nyumba, na kila anaponunua aandike sababu. Sisi wa "nunua ukae" wengi hatuandiki chochote. Na hadithi tunayopenda kusimulia ni ya CRDB: waliouziwa hisa kwa shilingi 150 mwaka 2009 walipata gawio la shilingi 50 kwa hisa kutokana na faida ya mwaka 2023, yaani theluthi ya bei waliyonunulia, kwa mwaka mmoja. Hadithi ya Vodacom tunaipitia haraka haraka. Mwaka 2017 hisa yake iliuzwa kwa shilingi 850, watu wengi wakiwa wananunua hisa kwa mara ya kwanza maishani, kisha bei ikakaa chini ya hapo miaka na miaka. Nao walikaa wakisubiri, kama tulivyowaambia.

Kwa hiyo kukaa peke yake si mbinu. Bado nauona upande huo una nguvu zaidi kwa Dar, mradi mtu ajue anakaa na nini: faida inatoka wapi, kiasi gani kinagawiwa, na siku ya mwisho ya kuwa kwenye daftari la wanahisa ili ulipwe gawio. Asiye na muda wa hayo anunue vipande vya UTT, mifuko ya kuwekeza kwa pamoja; Mfuko wao wa Umoja upo tangu 2005 na wapo wanaolipwa kuchagua kwa niaba yake.

Binamu akauliza kama gawio linakatwa kodi. Asilimia 5, kwa kampuni zilizo sokoni. Nikampa gazeti lenye hesabu za robo mwaka za benki moja. Akazisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kikasimama kwenye mikopo chechefu.

"Hii nayo ni nini? Darasani haikuwepo."

Nikavuta kiti.