Aimav ni Nani?

Shemeji aliivaa papo hapo skafu niliyomfumia, akapita nayo sebuleni mara mbili kama mtu anayejaribu suti ya harusi. Dada akamsimamisha. Akashika ncha ya kushoto, akasoma. Akashika ya kulia, akasoma. Kisha akasoma zote mbili kwa pamoja, taratibu, kwa sauti ya mwalimu aliyeokota barua darasani: "Vamia Aimav."

Kimya.

"Aimav ni nani," akauliza, "na kwa nini avamiwe?"

Shemeji alinitazama mimi. Mimi nikaitazama skafu. Vitanzi 36,736. Hesabu hiyo naijua kwa sababu niliipiga kabla sijaanza, nikajipa moyo kwamba kwa vitanzi 20 kwa dakika ni saa 30 na ushee tu, nikaamini kwamba anayejua hesabu hawezi kuaibika.

Shemeji ni shabiki wa Space Invaders, ule mchezo wa Kijapani wa mwaka 1978: wavamizi 55, mistari mitano ya kumi na mmoja mmoja, wanashuka kwa mwendo wa kaa huku wewe unawafyatulia kutoka chini. Kwa mfumaji mchezo huo ni zawadi, maana kila mvamizi ni miraba mitupu. Yule wa katikati, mwenye sura ya kaa, ana miraba 11 kwa upana na 8 kwa kimo. Nilichagua nyeusi na kijani. Wajuzi watasema skrini ya awali ilikuwa nyeusi na nyeupe na rangi ilitoka kwenye vipande vya plastiki vilivyobandikwa juu yake. Najua. Shemeji naye anajua, alinieleza mara nne.

Nilitaka skafu ya nyuso mbili, isiyo na upande wa aibu wenye nyuzi zinazoning'inia. Hiyo hufumwa matabaka mawili kwa mpigo, kwenye sindano zilezile. Kila mraba wa mchoro ni vitanzi viwili: cha kwanza ni cha uso unaokutazama, unakifuma kawaida nyuzi zote mbili zikiwa nyuma, kisha unazileta nyuzi zote mbili mbele na kufuma cha pili kwa kinyume, kwa rangi ile nyingine. Nasema zote mbili. Ukihamisha mmoja ukamsahau mwenzake, yule aliyebaki analala juu ya uso wa kazi kama kamba ya kuanikia nguo, na utamwona wakati umeshavuka mistari sita.

Upana ulikuwa miraba 41: wavamizi watatu, miraba miwili kati yao, miwili kila pembeni. Nilianzisha vitanzi 41 kwa kushika nyuzi mbili pamoja, kisha kila jozi nikaihesabu kuwa viwili, jumla 82. Uzi ulikuwa wa unene wa kati, gramu 200 kila rangi, nikabakiza kidogo. Rangi zote mbili huliwa sawasawa hata mchoro uweje, kwa kuwa penye kijani mbele pana nyeusi nyuma. Sindano nilishuka hadi milimita 3.5 badala ya 4, kwa sababu matabaka mawili hulegea, na ukitumia sindano ya kawaida unapata wavu.

Ajali ya kwanza ilitokea kwenye kipande cha majaribio, na ndiyo kazi ya kipande cha majaribio. Mvamizi alitoka kama kaa aliyekanyagwa. Kitanzi si mraba: sentimita 10 zilinipa vitanzi 20 kwa upana lakini mistari 28 kwa kimo, kwa hiyo kila mraba wa karatasi ulibonyea. Kiumbe cha sentimita 5.5 kwa 4 kilipata kimo kisichofika 3. Dawa ni kurudia mistari mitatu kati ya ile minane, ifikie 11. Ila usirudie mstari wa macho. Nilirudia mstari wa macho, na wavamizi wangu watatu wa kwanza wanaonekana kama wao ndio waliovamiwa.

Ya pili ilikuwa ukingoni. Kila unapoanza mstari sharti uzisokote nyuzi mbili mara moja, la sivyo matabaka hayashikani pembeni. Katikati hushikana yenyewe pale rangi zinapobadilishana nafasi, lakini ukingo ni wa rangi moja na hauna wa kuufunga. Jioni moja nilisahau kwa mistari kumi na miwili, nikapata mfuko mzuri sana ubavuni. Niliushona kwa sindano ya mkono. Shemeji ameshaugundua na anaupenda, anauliza kwa nini uko mmoja tu.

Hizo zote ni ajali za kawaida. Sasa Aimav.

Nilitaka neno kwenye ncha zote mbili, na nilijua hatari yake. Uso wa nyuma wa skafu hii si nakala ya mbele. Ni mbele ileile ikitazamwa kutoka upande wa pili, rangi zikiwa zimegeuzwa, kama maandishi ya mlango wa kioo ukiwa umeshaingia ndani. Herufi R itatoka imegeuka, S itatoka imegeuka, na mpenzi wa mchezo atatembea na maandishi ya mtoto wa chekechea. Basi nikakaa na karatasi nikazichuja herufi ambazo kioo hakiziwezi: A, H, I, M, O, T, U, V, W, X, Y. Kutoka humo nikatunga VAMIA. Herufi tano, zote zina nusu mbili zinazofanana, na maana inaenda sambamba na mchezo wenyewe! Miraba 27 pamoja na nafasi, inabaki 7 kila upande. Nilijiona nina akili. Nilimwambia dada kwa simu kwamba nina akili.

Nilifuma, nikageuza, nikakagua nyuma herufi moja baada ya nyingine. A, safi. M, safi, haina kasoro. V, kama imechapwa mashine. Herufi zote nilizikagua. Neno sikulisoma.

Kioo hakikuzigusa herufi, kiligusa foleni yao. Aliyekuwa wa kwanza akawa wa mwisho, na VAMIA ikawa AIMAV, imeandikwa kwa unadhifu ambao sijapata kuufikia kwenye neno lenye maana.

Hata hivyo kosa hilo lingebaki nyuma, na nyuma ningeweza kuitetea. Ilikuwaje basi Aimav akajitokeza mbele? Hapo ndipo penye ufundi wangu.

Skafu hufumwa kutoka ncha moja hadi nyingine, lakini ikivaliwa ncha zote mbili huelekea chini. Kwa hiyo mchoro wa ncha ya pili lazima ufumwe kichwa chini. Njia sahihi ni kuizungusha karatasi nusu mzunguko. Mimi niliiacha karatasi ilivyo, nikaanza kusoma kutoka mstari wa juu kushuka. Kwa wavamizi inafaa kabisa, kwa sababu kushoto na kulia kwao ni sawa, na nilikuwa nimemaliza safu nzima ya wavamizi bila tatizo, mkono umeshazoea. Nikaingia kwenye neno na mkono uleule. Kusoma kutoka juu hukipindua kimo peke yake, foleni ya herufi inabaki ilivyokuwa. Kisha ncha inaning'inia, inazunguka nusu, na foleni inageuka nayo.

Kwa hiyo upande mmoja wa skafu unasema VAMIA kushoto na AIMAV kulia. Ukiigeuza nje ndani, ubishi ni uleule, wamebadilishana rangi tu.

"Nitafumua," nikasema.

"Ngapi?" dada akauliza.

Ncha ya pili, mistari 40 hivi, vitanzi 82 kila mstari. Nilipiga hesabu, nikanyamaza.

Walau nilikuwa nimeshaelewa nilichopaswa kufanya: neno hilohilo lipangwe wima, herufi moja juu ya mwenzake. V juu, A chini yake, hadi mwisho. Kila herufi iko peke yake kwenye mstari wake, kioo hakina cha kupanga upya, na VAMIA inasomeka VAMIA pande zote. Herufi nilikuwa nimezichagua vizuri, nikazilaza badala ya kuzisimamisha.

Ni shemeji aliyetuokoa, kwa bahati. Alikuwa anaivua kwa haraka, akainyonga mara moja nyuma ya shingo, nusu mzunguko, na ncha ya kulia ikaonyesha mgongo wake. VAMIA kijani kushoto. VAMIA nyeusi kulia. Makosa mawili yalikuwa yamekutana kwenye kisogo chake yakasameheana.

"Shemeji," akasema kwa heshima kubwa, "kumbe ulikusudia."

"Ndiyo," nikasema.

Nilimwonyesha mara tatu upande wa kunyonga. Asubuhi ya pili dada alinipigia simu kabla sijanawa uso. Mumewe alikuwa ametoka kwenda kazini amenyonga kuanzia ncha isiyo yake, na sasa ncha zote mbili, kwa herufi safi zisizo na kasoro, zilikuwa zinasema AIMAV.

"Mdogo wangu," akasema, "jirani ameshaniuliza kama tumepata mtoto."